Likoni 1997: Deni la Ardhi Lilipodaiwa kwa Mpangaji

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi la vijana wenye mapanga, mishale na bunduki chache lilikivamia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa. Askari waliuawa, mahabusu wakafunguliwa, bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa na kituo kikatiwa moto. Baada ya hapo vijana wale hawakuelekea ofisi ya ardhi wala bandarini, na hawakwenda kwenye majumba ya ufuoni yenye kuta ndefu na mabawabu. Waliingia vichochoroni kuwasaka watu wa bara katika vibanda vya biashara na vyumba vya kupanga. Mjaluo, Mluhya, Mkamba au Mkikuyu aliyewahi kukimbia alishukuru Mungu. Mashambulizi yalienea hadi sehemu za Kwale na kuendelea kwa wiki kadhaa. Watu zaidi ya 100 waliuawa na takriban 100,000 wakayahama makazi yao. Kuna waliovuka kwa feri na vifurushi kichwani, kuna waliopiga kambi katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni, na kuna waliopanda mabasi kurudi vijijini ambako watoto wao waliozaliwa Mombasa hawakujua hata lugha ya bibi yao.

Watu wa Mombasa huviita vita vya Kaya Bombo, kwa jina la msitu wa Kwale ambako vijana hao walikusanyika, wakala kiapo na kufunzwa. Kaya ni mahali patakatifu pa Wamijikenda (jamii za wenyeji wa pwani, Wadigo wakiwamo), makao ya kale ya wazee wao, na wengi wa waliokula kiapo walikuwa Wadigo waliohakikishiwa kwamba dawa za mganga zingewakinga na risasi. Jina la msitu limebaki kuwa jina la tarehe. Mtu wa Likoni anayesema jambo lilitokea kabla ya Kaya Bombo hana haja ya kutaja mwaka.

Kisa hiki huelezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza husema kwamba ile ilikuwa kazi ya wanasiasa, na ushahidi wake si haba. Uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia, nao ulifanyika tarehe 29 Desemba mwaka uo huo. Kura za watu wa bara walioishi Likoni zilihesabiwa kuwa za upinzani, na mpiga kura aliyekimbilia Kisumu au Machakos hakuweza kupiga kura yake Likoni. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini Kenya, ilisikia ushahidi kwamba vyombo vya usalama vilikuwa na habari za vijana wa msituni kabla ya usiku ule. Ripoti yake ilikabidhiwa mwaka 1999, lakini wananchi hawakuiona mpaka 2002. Njia ya pili ya kukieleza kisa husema kwamba wenyeji walikuwa wamechoka kunyang'anywa ardhi na kazi katika mji wao, na kwamba wanasiasa walipuliza tu kaa lililokuwa likifuka kwa miaka mingi. Hata vikaratasi vilivyosambazwa kabla ya shambulio, vikiwataka watu wa bara waondoke, vilitumia lugha hiyo ya wenye nchi kurudishiwa chao.

Mimi naona maelezo yote mawili ni ya kweli, lakini yote mawili yanalipita swali lililo gumu zaidi. Kama wenyeji walikuwa wanadai, na naamini walikuwa na dai la haki, kwa nini deni hilo lilikwenda kutozwa kwa mpangaji wa chumba kimoja, mtu ambaye mara nyingi alikuwa hana ardhi Mombasa kuliko hata huyo aliyekuwa akimdai?

Tuanze na dai lenyewe, kwa sababu watu wa bara wengi hulichukulia kuwa ni wivu tu. Mwambao wa Kenya, ukanda wa maili kumi kutoka baharini, haukuwa sehemu ya koloni kisheria. Ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar iliyosimamiwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda huo ajitokeze mbele ya msajili, aonyeshe nyaraka au mashahidi, apimiwe na apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa kwa utaratibu huo ilihesabiwa kuwa ya serikali ya Mwingereza. Utaratibu ule ulimfaa mtu aliyejua maandishi, aliyezoea kwenda kwa kadhi, na aliyemiliki kwa jina lake mwenyewe. Mdigo au Mgiriama aliyelima ardhi ya ukoo, ambayo mipaka yake ilikuwa mibuyu, makaburi na kauli za wazee, hakuwa na cha kumpelekea msajili. Wala waliokuwa watumwa, ambao utumwa wao ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 tu, hawakuwa na karatasi ya kuonyesha zaidi ya nguvu zao. Wote hao walijikuta wakiishi pale pale walipokuwa wakiishi, lakini kwa jina jipya la maskwota.

Uhuru ulipokaribia, dirisha lilifunguliwa kidogo na kufungwa tena. Mwezi wa Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua zilizouingiza rasmi mwambao katika Kenya. Kenyatta aliahidi kuilinda dini ya Kiislamu na mahakama za kadhi, na akaahidi pia kwamba hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitaendelea kutambuliwa wakati wote. Ahadi hiyo ya mwisho ilimtuliza mwenye hati. Kwa yule ambaye mwaka 1908 hakuandikwa, ilikuwa ni kufungiwa mlango mara ya pili, safari hii na serikali yake mwenyewe. Katika miaka iliyofuata, ardhi iliyoitwa ya serikali iligawiwa kutoka Nairobi, na viwanja vya ufuoni vikawa zawadi za vigogo. Mvuvi aliamka akakuta njia yake ya kwenda pwani imezibwa kwa ukuta, na nyuma ya ukuta ni hoteli ya mtu ambaye hajawahi kumwona.

Katika maelezo haya ya ardhi sijamtaja mpangaji hata mara moja, na ndiyo hoja yangu. Hakuna hatua yoyote katika historia hiyo ambayo kuli wa bandari au muuza mboga alishika kalamu.

Mpangaji alikuja kwa njia nyingine. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na bandari ya Kilindini ilipopanuka, ilihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwako mjini. Vibarua wakaletwa, kisha wakajileta, kutoka Nyanza, Ukambani, Taita na milima ya kati. Mwezi wa Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi walipogoma na kuusimamisha mji mzima, aliyekuja kuwa kiongozi wao mkuu, Chege Kibachia, alikuwa mtu wa bara, na mgomo wa makuli wa mwaka 1955 ulisuluhishwa na Tom Mboya, naye wa bara pia. Kwa hiyo bandari ya Mombasa ina deni kwa watu hao, hata katika haki ambazo wafanyakazi wenyeji walikuja kuzifaidi. Lakini pana upande wa pili ambao mwenyeji anaujua vizuri: kazi hupatikana kwa anayekujua. Msimamizi aliyetoka Siaya huambiwa na nyumbani kwao kwamba kijana fulani amemaliza shule, na nafasi inapotokea kijana huyo yuko tayari, amekwisha kufika na analala sebuleni kwa mjomba. Mwenyeji aliyezaliwa mita mia nne kutoka lango la bandari huisikia nafasi hiyo ikiwa imekwisha jazwa. Hapo hapajatokea njama yoyote, ni undugu tu unafanya kazi yake. Lakini kwa aliyekosa, matokeo yake ni yale yale.

Mji nao ukafura. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu Mombasa watu 247,073. Ya mwaka 2019 ilihesabu 1,208,333.

Watu hao walilala wapi? Swali hili ndilo linalotuingiza ndani ya kisa, na linataka tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Likoni, ya mabati au makuti, huwa na ukumbi mrefu katikati na vyumba vitatu kila upande, na nyuma yake ua wenye jiko, choo na pipa la maji. Mwenye nyumba huishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Katika ukumbi mmoja hupatikana kuli Mjaluo mwenye mke na watoto wawili, Mkamba anayechonga vinyago vya kuuzia watalii, msichana wa Kitaita anayefanya kazi hotelini Diani, na mwenye nyumba mwenyewe, pengine bibi wa Kidigo aliyefiwa na mume, ambaye kodi za vyumba vinne ndizo mshahara wake. Mwisho wa mwezi anayemdai mwenziwe ni mwenyeji, na anayebembeleza aongezewe siku mbili ni mgeni.

Ila bibi huyo naye ana anayemdai. Mombasa ina utaratibu ambao mtu wa Nairobi huusikia na asiuamini: mtu humiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Kuta ni zake, bati ni lake, anaweza kuuza nyumba na kuirithisha. Lakini kiwanja ni cha mwenye shamba, ambaye hulipwa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka na anaweza siku moja kutoa ilani kwamba ardhi inahitajika. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile moja mna ngazi: mpangaji anamlipa mwenye nyumba, mwenye nyumba anamlipa mwenye shamba, na mwenye shamba ana hati ambayo chimbuko lake ni usajili wa enzi ya Mwingereza. Wa juu kabisa haonekani, na huenda hata mkusanyaji wake wa kodi hubadilika kila mara. Wa chini kabisa anaonekana kila asubuhi akisubiri zamu ya choo.

Nadhani jibu la swali langu limo katika ukumbi huo. Deni la ardhi halina uso. Huwezi kugombana na sheria ya mwaka 1908 wakati wa kuteka maji. Mgeni, kwa upande wake, ana uso, ana sauti, na ana tabia zinazoudhi, na maudhi madogo ya kila siku yalikuja kubeba jina la dhuluma kubwa ambayo haikuwa yake. Haya si mambo ya kubeza. Mtu wa bara husema "kuja hapa" pale ambapo mtu wa Mombasa angesema "njoo", naye huingia dukani akauliza bei ya sukari bila salamu, jambo ambalo kwa mzee wa pwani ni sawa na kusukumwa kifuani. Anafungua kilabu cha pombe jirani na msikiti na haoni shida. Kisha, akiwa ameshika kazi na mwenyeji hana, hutamka neno ambalo limefanya uharibifu kuliko yote: kwamba wapwani ni wavivu. Mtu aliyepoteza shamba kwa karatasi na kazi kwa undugu, akiambiwa amekosa kwa sababu ya kupenda kulala, huwa amepewa mkosaji wa karibu wa kumchukia.

Wapo wanaojibu hoja ya wenyeji kwa kusema kwamba Mombasa yote ni ya wageni. Historia inawaunga mkono kwa kiasi fulani. Wenye mji wa Mvita, yaani Mombasa ya kale, ambao huitwa Thenashara Taifa (mataifa kumi na mawili), wanajulikana kwa majina ambayo baadhi yake ni ramani ya safari: kuna Wapate, Wafaza na Washaka, waliotokana na visiwa na miji ya kaskazini, kuna Wakilifi na Wamtwapa. Waliingia, wakapokewa, wakawa wenye mji. Na Wadigo wenyewe, ambao mwaka 1997 walisemwa kuwa ndio wenyeji wanaowatoa wageni, katika lugha ya zamani ya mjini waliwekwa pamoja na Wamijikenda wengine katika neno "Wanyika", watu wa porini, neno ambalo leo ni tusi. Mstari wa kumtenga mwenyeji na mgeni umekuwa ukisogea, na kwa miaka mingi Mdigo alikuwa upande wa nje. Hata hivyo, hoja hii naichukia inapotumiwa kumnyamazisha mtu. Kwamba babu wa Mwamvita alitoka Pate hakumpi mtu yeyote haki ya kumwondoa mjukuu wake kwa hati iliyopatikana Nairobi. Anayelalamika kwa kunyang'anywa hahitaji kwanza kuthibitisha kwamba ukoo wake ulichipuka papo hapo kama mbuyu.

Mavuno ya vita vile yalionekana upesi. Watalii walikoma kuja, hoteli zikafungwa, na waliopoteza kazi walikuwa wa bara na wa pwani pamoja. Vyumba vilihamwa, na chumba kilichohamwa hakilipi kodi. Wavamizi waliofukuza wapangaji kwa jina la wenyeji waliwaondolea wenye nyumba, ambao ni wenyeji, riziki yao ya kila mwezi. Kisha polisi wakaja kulipiza. Vijana wa Kidigo walikamatwa kwa makundi, wengi wakapigwa na kuteswa, wakiwamo wasiojua lolote kuhusu msitu, na vijiji vikakaa kimya kwa woga wa aina mbili. Ardhi ya ufuoni haikurudi hata inchi moja.

Jambo linalonivutia ni kwamba miaka kadhaa baadaye kilio hicho hicho kilibadilisha mlango wa kubisha. Baraza la Jamhuri ya Mombasa, lililojulikana zaidi kwa ufupisho wake MRC, lilianzishwa mwaka 1999 na kuvuma baada ya 2008 kwa kauli ya "Pwani si Kenya". Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010 pamoja na makundi mengine, na Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Nisieleweke kwamba nawasifu. Madai yao ya kujitenga sikuyaafiki, na mtu wa bara aliyesoma "Pwani si Kenya" ukutani pake hakuwa na sababu ya kulala vizuri. Lakini tofauti ni kubwa. Hapa walizungumza juu ya mkataba wa 1895 na barua za 1963, yaani walimdai aliyeandika. Na mwaka 2019, serikali ilipoagiza mizigo ya kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa reli ya SGR, maandamano yalifanyika Mombasa kila Jumatatu mpaka agizo likasitishwa mwezi wa Oktoba. Kontena lililokuwa likisafirishwa kwa lori liliwalisha dereva, utingo, fundi wa magurudumu wa Miritini na mama muuza chapati wa Changamwe, na Changamwe ndiko kulikojaa watu wa bara. Safari hiyo mwenyeji na mgeni walipoteza kazi kwa karatasi moja, na wote waliijua ilikotoka.

Shamba moja la Likoni linaonyesha hesabu hiyo ilivyofungwa, au ilivyokosa kufungwa. Ni ekari 930 zinazojulikana kama shamba la Waitiki, kwa jina la mwenyewe, mtu wa bara aliyelinunua kihalali katika miaka ya 1970. Katika ghasia za 1997 maskwota waliingia, wakajenga, na mwenye shamba akaondoka. Kesi na amri za kuwahamisha ziliendelea kwa miaka mingi, huku mitaa mizima ikiota juu ya shamba, na shule na misikiti na makanisa ndani yake. Mwaka 2015 serikali ilikubali kulinunua kwa shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta alifika kugawa hati. Baadaye maskwota walielezwa kwamba kila kiwanja kina deni la shilingi 182,000 la kulipwa kwa serikali, kidogo kidogo kwa miaka. Wengi walikataa, wakisema walidhani wamerudishiwa, kumbe wameuziwa. Mwenye hati ya zamani alilipwa, kama barua ya 1963 ilivyoahidi kuheshimu wenye hati. Maskwota walipata karatasi na ankara. Mpangaji aliyepanda feri usiku ule wa Agosti na kifurushi kichwani hayumo katika hesabu ya shamba hilo upande wowote: hakuwa na ardhi ya kufidiwa, na alipoondoka, chumba alichokiacha kilikuwa cha mtu mwingine.